Moyo wa Baba, Moyo wa Mama: Historia ya Moyo Kusimama Ghafla

Wiki hii hatuanzi na chakula wala na chanjo. Tunaanza na historia, kwa sababu ugonjwa tunaouzungumzia uliandikwa kwanza kama ugonjwa wa wanaume, na jambo hilo linawagharimu akina mama hadi leo.

Tarehe 14 Agosti 1992, mzee Masinde Muliro alishuka kwenye ndege iliyomtoa London. Kabla hajatoka katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, alianguka na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 70. Huyu ni mtu wetu: alizaliwa upande wa Kimilili, akawa mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza waliochaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, akawakilisha watu wa upande wa Kitale bungeni, na mwaka 1991 akawa miongoni mwa waasisi wa FORD. Uwanja wa michezo wa Kanduyi una jina lake, na chuo kikuu cha Kakamega pia. Kilichomuua kimebishaniwa miaka yote hii na wengine walitaja sumu. Mimi siingii katika ubishi huo. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba waliokuwa watu wazima wakati ule wanaweza kukueleza walikuwa wapi habari ilipotangazwa redioni.

Sasa jiulize, mama: katika kijiji chako, ni wanawake wangapi walioanguka jikoni au kisimani, wakafa papo hapo, na hakuna aliyeandika chochote? Ukiuliza utaambiwa, "Alikuwa amechoka tu," au, "Alilalamika mgongo jana." Basi. Akazikwa, watoto wakagawanywa kwa ndugu, mambo yakaisha.

Yuko mwanamke mmoja aliyeanguka mbele ya umati. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 2008, Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyeufanya wimbo wetu wa Malaika ujulikane duniani, alipatwa na mshtuko wa moyo baada ya kuimba jukwaani huko Castel Volturno, Italia, akafariki. Alikuwa na miaka 76. Wengi walishangaa kusikia kwamba mwanamke amekufa kwa moyo. Mshangao huo ndio ninaotaka tuufuatilie.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sisi huku husema mtu "alishikwa na moyo," na tunachanganya mambo mawili. Chukua mfano wa kisiagi cha kusaga mahindi kinachotumia stima. Mfereji wa kupitisha nafaka ukiziba, mashine inahangaika, inatoa moshi, lakini bado inazunguka. Huo ndio mshtuko wa moyo: mshipa unaolisha moyo damu umeziba, mgonjwa anaumwa, anatoka jasho, lakini yuko nasi na anaweza kusema. Stima ikipotea, mashine inasimama kimya. Huko ndiko moyo kusimama ghafla: mapigo yamevurugika au yamekatika, damu haiendi kichwani, na mtu anaanguka bila fahamu katika sekunde chache. Hapumui, au anavuta pumzi moja moja kama anayekoroma. Mshtuko unaweza kuleta kusimama, lakini moyo unaweza pia kusimama kwa sababu nyingine nyingi, na hapo ndipo wanaume na wanawake wanapoachana njia.

Turudi nyuma karibu miaka 100. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, yaani upande wa Kisii na ziwani, aliandika katika jarida moja la London kwamba katika miaka miwili, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini mwake, hakuona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Sina sababu ya kumpinga. Watu wa wakati huo walikula mtama, wimbi na mboga za kienyeji, chumvi ilikuwa kidogo, na walitembea kwa miguu. Lakini maandishi kama hayo yalizaa imani kwamba moyo na presha ni magonjwa ya Wazungu. Imani ilibaki hata baada ya chakula kubadilika. Mwaka 2015 serikali yetu ilipofanya uchunguzi wa nchi nzima, karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja.

Huko kwenyewe kwa Wazungu, moyo uliandikwa kuwa ugonjwa wa baba. Mwaka 1964, chama cha madaktari wa moyo wa Marekani kiliitisha mkutano wake wa kwanza wa wanawake kuhusu ugonjwa wa moyo, katika mji wa Portland. Maelfu ya wanawake walihudhuria. Unafikiri walifundishwa nini? Walifundishwa namna ya kutunza mioyo ya waume zao: wapike nini, wampunguzie vipi mzee mawazo. Hata jina la mkutano lilitaja mioyo na waume. Mama alialikwa kama nesi wa nyumbani, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye pia ana moyo.

Wala haikuwa kwamba ushahidi haukuwepo. Tangu 1948, katika mji mdogo wa Framingham, madaktari walikuwa wakifuatilia watu 5,209, na zaidi ya nusu walikuwa wanawake. Huko ndiko tulikojifunza kwamba presha, sigara na mafuta mengi katika damu huharibu moyo. Huko pia ilionekana kwamba mwanamke huchelewa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo, lakini baada ya hedhi kukoma anaanza kumfikia mwanamume. Kuchelewa huko kulieleweka vibaya. Watu walisikia "mwanamke huchelewa" wakatafsiri "mwanamke hapatwi."

Angalia kilichofuata. Katika miaka ya 1980 Wamarekani walitaka kujua kama aspirini huzuia mshtuko wa moyo. Wakachukua madaktari 22,071, wote wanaume, hakuna mwanamke hata mmoja. Ikaonekana inasaidia, na ushauri ukaenea kwa kila mtu. Ilichukua hadi 2005 kupata majibu ya uchunguzi kama huo uliofanywa kwa wanawake, karibu 40,000, na majibu hayakufanana: kwa wanawake wote kwa jumla, aspirini haikupunguza mshtuko wa moyo kama ilivyofanya kwa wanaume, ingawa ilipunguza kiharusi. Kwa hiyo, mama, usianze kumeza aspirini kila siku kwa sababu mume wa jirani ameandikiwa na daktari wake.

Sasa nije kwenye sehemu ya historia hii ninayoipenda zaidi.

Zamani, moyo uliposimama, daktari alipasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono wake. Ilikuwa kazi ya chumba cha upasuaji peke yake. Kisha mwaka 1958, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, kijana mmoja mtafiti aitwaye Knickerbocker aliona kwamba alipobonyeza kifua cha mbwa kwa nje, damu ilisukumwa. Yeye, mhandisi wa umeme Kouwenhoven na daktari wa upasuaji Jude wakaanza kujaribu. Mwezi Julai 1959, mwanamke wa miaka 35 aliyekuwa akiandaliwa kufanyiwa upasuaji wa nyongo alisimama moyo kwa sababu ya dawa ya usingizi. Jude hakupasua. Alibonyeza kifua kwa mikono. Mapigo yakarudi, upasuaji ukaendelea kama ulivyopangwa, na mama huyo akapona. Mwaka uliofuata walichapisha habari za wagonjwa 20, ambao 14 kati yao walipona, na wakaueleza ulimwengu kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu.

Sikilizeni vizuri. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuokolewa kwa njia hii alikuwa mwanamke, tena mnene kwa maelezo ya daktari mwenyewe. Kifua chake hakikuwa kizuizi.

Lakini tazama historia inavyopinda. Mwaka 1960 huohuo, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto huko Norway, Åsmund Laerdal, alitengeneza mwanasesere mkubwa wa kufundishia. Akampa sura ya msichana, iliyotokana na kinyago cha binti anayesemekana alizama katika mto wa Paris zamani, na akamwita Anne. Uso ni wa msichana, kifua ni bapa. Tangu hapo wanasesere wengi wanaotumika duniani kufundishia huduma hii hawana matiti. Mamilioni ya watu wamejifunza kuokoa mtu ambaye kifuani hafanani na mama yao.

Matokeo yake yamehesabiwa. Watafiti waliangalia watu zaidi ya 19,000 waliosimama moyo nje ya hospitali huko Amerika Kaskazini kati ya 2011 na 2015. Walioanguka mahali pa hadhara, mwanamume alibonyezwa kifua na mpita njia mara 45 kati ya 100. Mwanamke, mara 39. Wanapojaribu kueleza kwa nini, wataalamu hutaja hofu ya kugusa matiti, hofu ya kushtakiwa, hofu ya kumwumiza, na lile la zamani: watu hawatarajii kwamba mwanamke aliyeanguka amesimama moyo. Wanasema amezimia. Wanampepea.

Kama ni hivyo Marekani, kwetu je? Nyote mnajua mila zetu kuhusu wakwe. Kwa Wabukusu, na kwa majirani wetu wengi, mkwe wa kiume hampi mama mkwe wake mkono, wala hakai naye karibu. Ni heshima, na sisemi tuitupe. Lakini fikiria mchana, watu wako shambani, nyumbani yuko mama mkwe na mkwe wake tu, na mama anaanguka. Kijana atakimbia kutafuta mwanamke wa kumgusa. Dakika tano zimepita. Kila dakika moyo ukiwa umesimama bila kubonyezwa, nafasi ya kupona hupungua kwa karibu asilimia 7 hadi 10. Akirudi na shangazi, hakuna wa kuokoa. Ningependa wazee wa mila walizungumze hili waziwazi kwenye baraza, kama walivyozungumza mengine. Nina hakika mama mkwe mwenyewe, akiulizwa akiwa mzima, atachagua kuguswa.

Liko jambo jingine la kwetu. Mtu akianguka ghafla, hasa baba, minong'ono huanza kabla jeneza halijafika. Alikula nini? Nani alimpikia? Amelogwa na nani? Mara nyingi kidole huelekezwa kwa mjane. Wako akina mama waliofiwa na mume alfajiri, na kufikia jioni wakawa washukiwa. Elimu hii basi si ya kuokoa uhai peke yake. Ukoo unaojua kwamba moyo wa mtu mzima unaweza kusimama bila sumu na bila mchawi hauna haraka ya kumfukuza mwanamke shambani mwake. Ukitaka kujua ukweli, omba uchunguzi wa maiti.

Tuseme sasa tofauti zenyewe, kama zinavyojulikana leo.

Moyo kusimama ghafla huwapata wanaume zaidi. Katika nchi zinazohesabu, wanaume ni karibu theluthi mbili ya wanaoanguka nje ya hospitali. Mara nyingi chanzo ni mishipa ya moyo iliyoziba, na mwanamume huanguka akiwa na umri mdogo kuliko mwanamke kwa miaka kadhaa. Mwanamke huangukia nyumbani zaidi, akiwa mzee zaidi, na moyo wake hukutwa mara nyingi ukiwa kimya kabisa badala ya kutetemeka. Hii ni muhimu, kwa sababu ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme huusaidia moyo unaotetemeka. Moyo uliokwisha kunyamaza hausikii umeme. Unahitaji kubonyezwa tu, mapema.

Dalili kabla ya tukio nazo hupishana. Maumivu ya kifua ndiyo dalili kubwa kwa wote wawili, msidanganywe. Lakini mwanamke huongeza mengine: kuchoka kusiko kwa kawaida kwa siku kadhaa, pumzi kukata, kichefuchefu, maumivu ya taya, bega au mgongo. Na hapa mama mwenyewe ndiye adui wa kwanza wa moyo wake. Maumivu ya mgongo? Ni kuni nilizobeba. Uchovu? Ni palizi. Kichefuchefu? Ni vidonda vya tumbo. Baba akisema kifua kinambana, nyumba nzima inatafuta gari. Mama akisema hivyo, anatafutiwa dawa ya tumbo dukani.

Iko pia tofauti ya ndani, isiyoonekana. Mwaka 1920 daktari Bazett wa Uingereza, akipima mapigo kwa mashine iliyokuwa bado mpya, aligundua kwamba moyo wa mwanamke huchukua muda mrefu kidogo kujitayarisha upya baada ya kila pigo. Miaka zaidi ya 70 ilipita kabla watu hawajalitilia maanani jambo hilo. Zipo dawa zinazourefusha muda huo, na ukirefuka mno, mapigo huvurugika na moyo unaweza kusimama. Mwaka 1993 watafiti walipokusanya habari za wagonjwa 332 waliopatwa na mvurugiko huo kwa sababu ya dawa za moyo, 7 kati ya kila 10 walikuwa wanawake.

Mwaka huohuo wa 1993, madaktari waliokuwa wakitibu malaria kwenye mpaka wa Thailand na Burma walionya kuhusu dawa moja ya malaria, halofantrini, ambayo sisi tuliijua kwa jina la Halfan. Ilikuwa ikiurefusha ule muda wa moyo kwa kiasi cha kutisha. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Katika miaka ya 1990, wakati klorokwini ilipokuwa imeshindwa, Halfan iliuzwa katika maduka ya dawa ya miji yetu, na mwenye pesa aliinunua bila kupimwa chochote. Ni nani aliyehesabu waliokufa "kwa malaria" huku moyo ndio uliosimama? Hakuna. Dawa ya malaria tunayopewa zahanati leo, ile ya AL iliyochaguliwa na serikali mwaka 2004, haina hatari hiyo ikitumiwa ilivyoelekezwa, kwa hiyo mtu asiniambie kesho kwamba redio imesema dawa za malaria ni mbaya. Ninachosema ni hiki: mama anayezimia zimia, au ambaye dada yake au mtoto wake alikufa ghafla akiwa kijana, amwambie daktari kabla ya kuandikiwa dawa yoyote.

Mambo mawili ya mwisho katika tofauti hizi ni ya akina mama wenye umri wa kuzaa, na kwetu ndiyo makubwa kuliko mishipa kuziba.

La kwanza ni moyo kudhoofika kwa sababu ya uzazi. Hutokea mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Miguu inavimba, mama hawezi kulala chali, anaamka usiku akitafuta hewa, moyo unapiga mbio. Shida ni kwamba kila mjamzito huvimba miguu na huchoka, basi anaambiwa avumilie. Kipimo changu ni rahisi: mama aliyekwisha kujifungua anapaswa kuendelea kupata nafuu wiki hata wiki. Akizidi kukosa pumzi, na hasa akiwa anahitaji mito mitatu ili alale, huyo apelekwe hospitali kubwa, Kitale au Bungoma, siku hiyohiyo. Moyo uliodhoofika hivyo unaweza kusimama ghafla.

La pili huanza utotoni, na ndiyo sababu walezi wote wanahusika. Mtoto anaumwa koo, halitibiwi. Baada ya wiki chache viungo vinavimba na kuuma, leo goti, kesho kifundo. Kisha anapona, watu wanasahau. Lakini valvu za moyo zimebaki na kovu. Akiwa msichana hana shida kubwa. Anaolewa, anabeba mimba, damu mwilini inaongezeka, na valvu iliyoharibika inashindwa. Uchunguzi mmoja mkubwa uliochapishwa miaka ya 2014 na 2015, ukiwa na hospitali za Kenya na Uganda ndani yake, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu, theluthi mbili walikuwa wanawake, na nusu yao wote walikuwa na umri wa chini ya miaka 28 au 29. Na hapo jirani, Gulu, Uganda, uchunguzi wa watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo, uliochapishwa mwishoni mwa 2021, ulionyesha kwamba sindano ya penisilini kila mwezi ilizuia ugonjwa usiendelee: waliozidiwa walikuwa 3 tu kati ya waliodungwa, na 33 kati ya wasiodungwa. Sindano inauma, najua. Mpelekeni mtoto.

Basi mtu akianguka mbele yako, ufanye nini?

Mguse bega kwa nguvu, umwite jina. Asipoitika na asipopumua kama kawaida, usimpepee, usimmwagie maji, usimtilie kitu mdomoni. Piga kelele watu waje. Mmoja apige simu 999 au 112, na mwingine atafute gari, kwa sababu ambulensi huku kwetu unaijua. Wewe usisubiri. Mlaze chali mahali pagumu, chini sakafuni au ardhini, kwa sababu kitandani godoro litabonyea badala ya kifua. Piga magoti kando yake. Weka kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua, juu ya mfupa, usawa wa chuchu, kisha mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko. Bonyeza chini sentimita tano hadi sita, uache kifua kirudi juu, ubonyeze tena, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hiyo ni haraka kuliko unavyodhani, karibu mara mbili kila sekunde.

Kwa mwanamke ni vilevile, mahali palepale. Matiti hayabonyezwi, yanakaa kando, mfupa uko katikati. Sidiria inaweza kubaki, na ukitaka mtu amfunike leso wakati unabonyeza, sawa, mradi mikono yako isisimame. Akiwa mjamzito ambaye tumbo limefika kitovuni au kupita, mtu mwingine asukume tumbo kwa mikono kulielekeza upande wa kushoto wa mama, na wewe uendelee na kifua. Kwa mtu mzima huhitaji kumpulizia mdomoni ikiwa hujafundishwa. Mtoto, au mtu aliyezama majini, yeye anahitaji pumzi pia: mpulizie kwanza mara tano kama unaweza, ndipo ubonyeze kifua, na mtoto mdogo unambonyeza kwa mkono mmoja.

Utasikia mbavu ikilia. Endelea. Mbavu hupona.

Sitawadanganya. Hata huko Marekani, penye ambulensi na mashine, anayesimama moyo nje ya hospitali hupona takriban mtu 1 kati ya 10. Kutoka Kitale hadi hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret ni kama kilomita 70, na kutoka Bungoma ni mbali zaidi. Wengi hatutawapata. Lakini yule aliyesimama moyo kwa ajili ya umeme, au kuzama, au mama mchanga ambaye moyo ulivurugika dakika ile tu, huyo mikono yako inaweza kumfikisha.

Barua zenu zimeuliza mahali pa kujifunza. Ulizeni nesi wa kituo chenu cha afya, au wahudumu wa afya wa jamii. Na chama chenu kikikutana, msikae tu kuhesabu pesa. Kunjeni blanketi nene lililofungwa kamba, mliweke chini, mpokezane. Wekeni na vitambaa viwili vya mviringo mahali pa matiti, ili mikono izoee kupata mfupa katikati. Kila mmoja abonyeze kwa dakika mbili huku mwenzake akihesabu kwa sauti, kisha mwingine apokee bila kuacha nafasi. Mtashangaa jinsi dakika mbili zinavyochosha. Walioko nyumbani na mkwe wa kiume, mwiteni naye aje ajaribu.